Vita vya Troy: Vilipiganwa au Vilitungwa?

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa katika semina. Siku hiyo tulikuwa tunajadili uhusiano wa fasihi na historia, na mtoa mada nilikuwa mimi. Nikasimama kifua mbele, nikasema kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na kwamba shahidi mkubwa wa jambo hilo ni Iliad ya Homer. Watu walidhani ni hadithi tu, nikaeleza, mpaka akaja Mjerumani mmoja na koleo lake, akaufukua mji wa Troy, na ubishi ukaisha. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, tena si msemaji sana, akanyoosha mkono: "Ndugu mtoa mada, mji umepatikana, sawa. Na vita je? Mlima Kilimanjaro upo, tunauona. Basi kila ngano inayosimuliwa juu ya Kilimanjaro ni kweli?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekamatwa. Jibu sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma ili nilipe deni lile. Ningependa wasomaji wa jarida letu waelewe mapema kwamba mimi si mwanaakiolojia wala sijui Kigiriki. Ni mwanafunzi wa fasihi anayetaka kujua kama ile sentensi ya kioo, ambayo tunaiandika katika kila mtihani, inaweza kusimama mahakamani. Nitawaita mashahidi mmoja mmoja: mshairi, Wagiriki waliomfuata, udongo, na barua za wafalme. Halafu nitarudi kwetu kwenye fasihi.

Mshairi anasema nini hasa?

Wengi wetu tunaijua Troy kwa muhtasari. Paris, mwana wa mfalme Priam, alimchukua Helen, mke wa Menelaus. Wagiriki wakaja na meli chini ya Agamemnon. Wakauzingira mji miaka 10. Wakauingia kwa hila ya farasi wa mti. Sasa, ukiifungua Iliad yenyewe unapata mshangao. Farasi hayumo. Kuanguka kwa mji hakumo. Utendi huo wenye mistari zaidi ya 15,000 unasimulia wiki chache tu za mwaka wa 10, unaanza na hasira ya Achilles na unaishia kwenye mazishi ya Hector. Farasi anatajwa katika Odyssey, na habari zake ndefu tunazipata kwa Virgil, Mrumi aliyeandika katika karne ya kwanza K.K. Kwa hiyo hicho tunachokiita "kisa cha Troy" si kauli ya shahidi mmoja. Ni vipande vya karne nyingi vilivyoshonwa pamoja.

Pili, Homer (kama alikuwa mtu mmoja, maana na hilo lina ubishi wake) huwekwa na wataalamu wengi katika karne ya 8 K.K. Vita vyenyewe Wagiriki waliviweka mbali zaidi. Eratosthenes, yule mtaalamu wa Aleksandria, alipiga hesabu akapata mwaka 1184 K.K. Baina ya tukio na mshairi kuna pengo la miaka 400 na zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo Wagiriki hawakuwa na maandishi. Shahidi wetu wa kwanza, basi, hakuwepo. Alisikia kwa waliosikia.

Wagiriki wenyewe walishuku

Nilidhani kushuku ni tabia ya wasomi wa siku hizi. Kumbe! Herodotus, katika karne ya 5 K.K., anasema makuhani wa Misri walimweleza kwamba Helen hakufika Troy kabisa; alizuiliwa Misri muda wote wa vita. Herodotus anaafiki, na hoja yake ni ya mtu mzima: Helen angekuwa ndani ya mji, Priam angemrudisha. Mfalme gani mwenye akili timamu ataacha wanawe wauawe na mji uteketee ili mwana mmoja abaki na mke wa mtu?

Thucydides naye alikubali kwamba vita vilikuwepo, lakini akaonya kuwa washairi hupamba. Kwake yeye Wagiriki hawakumfuata Agamemnon kwa sababu ya kiapo juu ya Helen. Walimfuata kwa kuwa alikuwa na nguvu na meli nyingi, na wengine kwa hofu. Akapiga na hesabu. Homer anataja meli kubwa za watu 120 na ndogo za watu 50. Tukichukua wastani wa 85, na orodha ya Iliad ina meli 1,186, tunapata watu laki moja na ushei. Thucydides aliona kwamba kwa nchi nzima hao si wengi, na akasema kilichowachelewesha ni ukosefu wa fedha na chakula: sehemu ya jeshi ilikuwa inalima na kupora badala ya kupigana.

Angalia lakini kitu kimoja. Hawa wote wawili wanaikosoa hadithi, wanaipunguza, wanaigeuza, ila hakuna anayeleta ushahidi kutoka nje ya hadithi. Wanamhoji Homer kwa kutumia Homer. Hapo walikuwa wamekwama, na dunia ikabaki imekwama hapo zaidi ya miaka 2,000.

Udongo unasema nini?

Huyu Mjerumani wangu wa semina anaitwa Heinrich Schliemann. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hata hilo nililisema vibaya. Aliyekitilia shaka kilima cha Hisarlik, huko kaskazini-magharibi mwa Uturuki karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles, kabla ya Schliemann ni Frank Calvert, Mwingereza aliyemiliki sehemu ya kilima hicho na kuanza kuchimba katika miaka ya 1860. Schliemann alikuja na fedha, akaanza mwaka 1870, akajulikana dunia nzima. Calvert akasahauliwa.

Schliemann alikuwa na haraka. Aliamini Troy ya Homer iko chini kabisa, akakata handaki kubwa katikati ya kilima na kutupa kila kilichokuwa juu. Mwaka 1873 akapata dhahabu, akatangaza kuwa ni hazina ya Priam. Hazina hiyo aliitorosha, baadaye akaitoa Berlin. Mwaka 1945 ikatoweka, mpaka Warusi walipokiri miaka ya 1990 kwamba wanayo, na mwaka 1996 ikaonyeshwa Moscow. Lakini dhahabu ile ni ya zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati wowote ambao Priam angeweza kuishi. Na lile handaki liliharibu sehemu ya mji ambao yeye mwenyewe alikuwa anautafuta. Jamani, huyu ndiye niliyemsimamisha kama shahidi wangu!

Hisarlik ina matabaka (hapa nasema matabaka ya udongo, siyo yale tuliyozoea kuyatafuta katika kila riwaya). Miji imejengwa mmoja juu ya mwingine, na wanaakiolojia wameyapa matabaka makuu namba kuanzia Troy I hadi IX. Matabaka mawili ndiyo yanayogombewa. Wilhelm Dörpfeld, aliyechimba mwaka 1893 na 1894, alisimama na Troy VI: mji wa kuta nzuri za mawe zilizoinama kidogo, zenye minara, ngome inayofanana hasa na ile ya kwenye utendi. Halafu akaja Mmarekani Carl Blegen, mwaka 1932 hadi 1938, akasema hapana: Troy VI ilibomolewa na tetemeko la ardhi, kiasi cha mwaka 1300 K.K. Kuta zimehama, misingi imepasuka. Mji ulioteketea kwa vita ni uliofuata, Troy VIIa. Humo nyumba ndogo zimebanana ndani ya ngome, mitungi mikubwa ya akiba imezikwa sakafuni kama ya watu wanaotarajia kuzingirwa. Kuna alama za moto, mifupa ya watu ambao hawakupata maziko, na vichwa vya mishale. Siku hizi uharibifu huo huwekwa kiasi cha mwaka 1180 K.K.

Hapo mtu anaweza kushangilia: 1180 na 1184 ya Eratosthenes, si ndiyo hiyo hiyo? Ngoja kwanza. Kiasi cha wakati huo huo majumba ya wafalme huko Ugiriki kwenyewe, Mycenae na Pylos, nayo yalikuwa yanaungua au yamekwisha kuungua. Agamemnon gani huyo angekusanya meli 1,000 wakati nyumbani kwake kunawaka moto? Ni vigumu. Tena, mshale haukuandikwa jina la aliyeurusha. Udongo unatuambia kuwa mji uliungua na watu waliuawa. Hautuambii aliyeuchoma ni nani. Ukuta wa Homer unaupata katika mji mmoja, moto wake unaupata katika mji mwingine.

Palibaki swali la ukubwa. Ngome peke yake ina upana wa kama mita 200, na watu walikuwa wanauliza iwapo hiki ni kijiji au mji. Manfred Korfmann, aliyeanza kuchimba mwaka 1988, alitangaza kuwa chini ya ngome palikuwa na mji mpana wenye handaki la ulinzi, labda wenye wakazi elfu kadhaa. Mwaka 2001 mwenzake wa chuo kile kile cha Tübingen, mwanahistoria Frank Kolb, akamshutumu hadharani kwamba ametia chumvi. Ugomvi ukaingia magazetini, mwaka 2002 wasomi wakaitana kwa mkutano, na kila upande ukatoka na imani yake. Nasi tunaodhani ubishi wa mashairi ya jadi na mashairi huru ndio mkali kuliko yote duniani, basi tukae tukijua tuna wenzetu. Handaki hata hivyo lipo, na wengi sasa wanakubali kuwa Troy haikuwa ngome tupu.

Barua za wafalme

Shahidi huyu ndiye aliyenishtua. Mwaka 1906 huko Boğazköy, katikati ya Uturuki, yaligunduliwa mabamba ya udongo ya dola ya Wahiti, na lugha yao ikafumbuliwa na Bedřich Hrozný mwaka 1915. Humo yamo majina mawili. La kwanza ni Wilusa, nchi ya magharibi. Sasa, wataalamu wa Kigiriki wanasema jina Ilios, ambalo ndilo jina jingine la Troy, zamani lilianza na sauti ya w: Wilios. La pili ni Ahhiyawa, dola ya ng'ambo ya bahari. Nalo linalinganishwa na Waakea, jina ambalo Homer huwaita Wagiriki wake. Emil Forrer alilitoa wazo hilo mwaka 1924, likapingwa miaka mingi. Mwaka 1998 J. David Hawkins aliposoma maandishi ya mwambani ya Karabel, ramani ya magharibi ilitulia, na Wilusa ikazidi kusogea kaskazini-magharibi, kule kule iliko Hisarlik.

Kiasi cha mwaka 1280 K.K. mfalme wa Wahiti, Muwatalli wa Pili, alifunga mkataba na mfalme wa Wilusa aitwaye Alaksandu. Msomaji wa Iliad anajua kwamba Paris ana jina la pili, nalo ni Alexandros. Katika barua nyingine ya karne hiyo hiyo, mfalme wa Wahiti anamwandikia mfalme wa Ahhiyawa na kumkumbusha, kwa jinsi wengi wanavyoisoma, kwamba waliwahi kutofautiana kuhusu Wilusa na sasa wamepatana. Barua ya tatu inamtaja Walmu, mfalme wa Wilusa aliyepinduliwa. Kwa hiyo hapa, kwa mara ya kwanza, tuna mashahidi wa wakati ule ule, nje kabisa ya hadithi, wanaosema kwamba palikuwa na mahali kama Troy, palikuwa na dola iliyoelekea kuwa ya Kigiriki, na mahali hapo palikuwa na mgogoro.

Lakini tusirudie kosa langu la semina. Alaksandu wa mkataba ni mfalme, siyo kijana mharibifu wa ndoa za watu. Yuko chini ya Wahiti, na Wahiti hao, dola kubwa kuliko zote za eneo lile, katika Iliad hawaonekani. Helen hatajwi. Miaka 10 haitajwi. Hata upande wa Wagiriki, Michael Ventris alipofumbua maandishi yao ya kale mwaka 1952, tulipata hesabu za kondoo, mafuta na watumishi. Majina Achilles na Hector yamo, lakini ni ya watu wa kawaida tu, kama leo ukute Juma na Hamisi katika daftari la ghala.

Kinywa cha mtambaji

Hapa sasa tunaingia nyumbani kwetu, kwenye fasihi simulizi. Milman Parry alionyesha kwamba lugha ya Homer imejengwa kwa vifungu vilivyo tayari, vinavyorudiwa kwa mahitaji ya mizani. Ndiyo maana Achilles husifiwa kwa wepesi wa miguu hata pale anapokuwa ameketi. Miaka ya 1930 Parry na mwanafunzi wake Albert Lord walikwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji. Mwaka 1935 wakampata Avdo Međedović aliyeweza kutoa utendi wa mistari zaidi ya 12,000 bila kuandika. Mtambaji wa namna hiyo hakariri kitabu kichwani. Anatunga upya kila anapofungua kinywa, akitumia vifungu alivyorithi.

Ndiyo maana Iliad inafanana na kasha la bibi. Ukilifungua unakuta vitu vya kila enzi vimekunjwa pamoja. Imo kofia ya pembe za nguruwe mwitu, ambayo ilikwisha kutoka matumizini karne nyingi kabla ya Homer, na wachimbaji wameipata makaburini. Imo desturi ya kuchoma maiti za mashujaa, ambayo siyo ya wafalme wa Mycenae waliozikwa makaburini. Yamo magari ya farasi, ila mshairi hajui tena yalivyotumika vitani. Mashujaa wanayapanda kama teksi, wakifika wanashuka na kupigana kwa miguu. Kumbukumbu ipo, lakini imechanganyika. M. I. Finley alitumia hoja ya aina hii miaka ya 1960 alipotaka vita vya Troy viondolewe katika vitabu vya historia. Mfano wake mmoja ni utendi wa Kifaransa wa Roland. Mwaka 778 nyuma ya jeshi la Charlemagne ilishambuliwa milimani na Wabaski, ambao ni Wakristo. Kufika karne ya 11 adui amekuwa jeshi kubwa la Waislamu. Pambano ni la kweli, mahali ni pa kweli, Roland ni wa kweli. Vita, hapana.

Na sisi tuna mfano wetu. Utendi wa Tambuka aliutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, na adui katika utendi huo ni Herekali, yule kaisari wa Rumi ya mashariki ambayo lugha yake ilikuwa Kigiriki. Historia inasema vita vya Muuta vya mwaka 629 vilipiganwa kweli na Jaafar akauawa. Inasema pia kwamba mwaka uliofuata msafara ulikwenda Tabuk, ukakaa, ukarudi bila kupambana na jeshi la Herekali. Mwengo, baada ya miaka 1,100, anatupa beti zaidi ya elfu moja na vita vikubwa. Sasa fikiri Schliemann wa Tambuka anakwenda Tabuk na utendi mkononi. Mahali atapapata. Visima atavipata. Atatangaza kwamba vita vimethibitishwa, na atakuwa amekosea. Linganisha na Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji akiwa mtu wa kusini na wa kizazi kile kile cha 1905 hadi 1907. Huyo unaweza kumhoji tarehe na majina. Mwengo na Homer huwezi kuwahoji hivyo, na si kosa lao. Hawakuahidi kitu hicho.

Hitimisho

Jibu langu kwa yule mwenzangu wa semina ni hili. Vita vya Troy kama anavyovisimulia Homer, vyenye meli 1,186, miaka 10 na mke mmoja, havikutokea. Mapigano katika mji huo yalitokea, tena pengine zaidi ya mara moja katika miaka 200, na watu wa Ahhiyawa walikuwa na mkono katika baadhi ya migogoro hiyo. Watambaji waliichukua migogoro hiyo, ukuta wa mji mmoja na moto wa mwingine, majina yaliyokuwa yanaelea, wakafanya vita kimoja kikubwa cha kuwaunganisha Wagiriki wote. Hivyo ndivyo ninavyoamini kwa ushahidi uliopo, na likichimbuliwa bamba jipya kesho niko tayari kubadilika.

Ule msemo wa kioo je? Nadhani tuutumie kwa adabu zaidi. Kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake, na aliyesimama mbele ya Iliad ni jamii ya karne ya 8 K.K. iliyokuwa inaisikiliza, siyo Priam. Kama vile Tambuka inavyotuonyesha Pate ya 1728, ujuzi wake, imani yake na bahari yake, kuliko inavyotuonyesha Tabuk. Tukilikubali hili tutaacha na ubaguzi mwingine: kule Ulaya utendi ukipatikana na kilima, watu husema ni historia, huku kwetu Fumo Liyongo anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Mwisho, nimebaki na sehemu moja ya Iliad isiyonitoka. Karibu na mwisho, mzee Priam anavuka usiku kwenda hemani kwa Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe, ili apewe maiti ya Hector akaizike. Halafu wanalia wote wawili, kila mtu na msiba wake. Hilo hakuna koleo litakalolifukua, wala mfalme wa Wahiti hakuliandika katika barua. Nilipolisoma mara ya pili sikujiuliza kama lilitokea. Nilimkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekwenda kuuomba mwili wa mwanawe, na jinsi alivyoshika kofia yake kwa mikono miwili muda wote.